Muuguzi Anajua Kazi. Anakwenda Kusoma Nini Tena?

Jioni moja, baada ya darasa la kisomo, bibi mmoja wa hapa Wesha aliniuliza swali. Tulikuwa tumekaa barazani. Nilikuwa nimewaambia wanakisomo kwamba muuguzi mmoja wa wodi ya watoto wachanga anaomba nafasi ya kwenda chuo kikuu. Anataka kusomea shahada ya uzamili. Hayo ni masomo ya juu, ambayo mtu huyasoma baada ya kupata shahada yake ya kwanza.

Bibi akasema, "Mwanangu, muuguzi yule namjua. Ndiye aliyewapokea wajukuu wangu. Kazi anaijua. Sasa anakwenda kusoma nini tena? Na wodi atamwachia nani?"

Swali lile ni zuri, na linastahili kujibiwa vizuri. Nitalijibu leo katika ukurasa huu. Lakini kwanza nitaeleza habari ya wajukuu wa bibi huyo. Yeye na binti yake wameniruhusu kuieleza, mradi nisitaje majina.

USIKU WA MAPACHA

Ilikuwa wakati wa masika. Binti yake alishikwa na uchungu usiku, na mimba ilikuwa ya miezi saba na siku chache. Mvua ilikuwa kubwa na gari halikupatikana upesi. Nilipoitwa na kufika nyumbani, watoto walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Walikuwa mapacha, na wote wawili walikuwa wamelia.

Nilijua kwamba watoto wale ni wa kupelekwa hospitali. Hilo nililifundishwa chuoni nilipokuwa nikisomea cheti changu. Mtoto wa kwanza nilimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Mtoto wa pili nilimfunga kanga tatu, nikampakata mwenyewe. Bibi alikaa pembeni yangu ndani ya gari. Mikononi alishika mkoba wa nguo.

Tulipofika, muuguzi alianza kwa kushika nyayo za watoto. Nyayo za mtoto wa kwanza zilikuwa na joto. Nyayo za mtoto wa pili zilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Kisha akaniuliza swali moja tu. Aliuliza kifua cha bibi kilikuwa na kazi gani njiani.

Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba mtoto mdogo huwekwa kifuani kwa mama. Sikufikiri kwamba mama akiwa na watoto wawili, kifua cha bibi kingefaa pia. Kifua cha baba kingefaa. Hata changu mimi kingefaa. Kanga hazina joto lake zenyewe. Kanga huhifadhi joto lililopo, na mtoto yule joto lake lilikuwa limekwisha kutoka.

Muuguzi alifanya kila alichoweza. Mtoto wa pili alifariki siku ya pili. Alikuwa mdogo sana, na alikuwa na shida ya pumzi pia. Siwezi kusema kwamba baridi peke yake ndiyo iliyomwua. Lakini najua kwamba mimi ndiye niliyemfikisha hospitali akiwa na baridi. Mtoto wa kwanza aliishi. Siku hizi hukimbia pwani na wenzake, na mama yake humwita hata sauti ikamkauka.

Basi, ndugu msomaji, elimu inaweza kupungua kidogo tu, na kidogo hicho kikawa na thamani ya maisha ya mtu. Mimi nilijua jambo moja. Muuguzi yule alijua jambo moja zaidi.

MTOTO NJITI NI NANI?

Mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Mimba ya kawaida hufika karibu wiki 40. Duniani kote, kati ya kila watoto 10 wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa njiti. Kwa hiyo jambo hili si ajabu, wala si aibu. Pia si adhabu kwa mama.

Mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu, huitwa mtoto wa uzito mdogo. Mtoto njiti, mtoto wa uzito mdogo, mtoto aliyechelewa kulia na mtoto mwenye maradhi tangu kuzaliwa, hawa wote tunawaita watoto wachanga walio hatarini.

Siku 28 za kwanza ndizo siku za hatari kubwa kuliko zote katika maisha ya mtoto. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mataifa ya dunia yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 kila nchi ipunguze vifo hivyo mpaka 12 au chini ya hapo. Maana yake ni kwamba sisi tunatakiwa kupunguza vifo hivi kwa nusu.

KWA NINI HUDUMA YAKE NI NGUMU?

Wengine hufikiri kwamba mtoto njiti ni mtu mdogo tu, na kwamba akipewa dawa ndogo na maziwa kidogo inatosha. Sivyo. Mwili wake haujamaliza kujengwa. Tuangalie mambo matano.

Kwanza, joto. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka upesi sana, hata katika nchi yetu yenye jua.

Pili, pumzi. Mapafu yake ni kama mfuko wa nailoni uliolowa maji. Kuta zake hugandana, na kila pumzi anayovuta ni kazi ya kuzibandua. Hospitalini kuna chombo kinachopuliza hewa puani mwake pole pole ili mapafu yasijifunge. Mrija wake mmoja huzamishwa ndani ya chupa ya maji, nayo hutoa mapovu. Aidha, ubongo wake bado mchanga, na mara nyingine husahau kupumua. Mtoto hutulia, rangi hubadilika, na moyo huenda pole. Muuguzi aliye karibu humgusa unyayo, naye hukumbuka. Muuguzi akiwa mbali, mtoto hakumbuki. Ipo dawa ya kuzuia hali hiyo, nayo hutokana na kitu kile kile kilichomo ndani ya kahawa. Lakini nakuonya, ndugu msomaji: usimpe mtoto kahawa. Kiasi cha dawa hiyo hupimwa na wataalamu.

Tatu, chakula. Mtoto njiti hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Hupewa maziwa ya mama kwa mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni. Siku za mwanzo hupewa mililita chache tu. Akipewa kidogo mno, sukari ya damu hushuka. Akiongezewa haraka mno, tumbo linaweza kuvimba na kuharibika.

Nne, vijidudu. Ngozi yake ni nyembamba, na kinga yake ni ndogo. Mkono usionawa unaweza kumwua.

Tano, hesabu ya dawa. Mtoto wa kilo moja anaweza kuhitaji dawa iliyo chini ya sehemu mbili za kumi za mililita. Nukta ikikosewa mahali pake, mtoto hupata dawa mara kumi ya inavyotakiwa. Sisi tuliojifunza hesabu darasani tunajua kwamba 0.15 si sawa na 1.5. Kwa mtoto njiti, nukta hiyo ni uhai.

Tena, mambo haya matano huja pamoja katika mtoto mmoja na katika usiku mmoja. Daktari hupita na kuondoka. Anayekaa naye usiku kucha ni muuguzi.

Kila mvuvi wa Wesha anaweza kufika Misali bahari ikiwa shwari. Lakini kuna usiku ambao upepo hugeuka, mkondo ni mkali na nyota hazionekani. Usiku huo nguvu za kupiga kasia peke yake hazitoshi. Huhitajika nahodha anayejua mkondo ule unatoka wapi na unakwenda wapi.

SIFA NJEMA ILIYODHURU

Mtu anaweza kusema kwamba mazoea ya kazi yanatosha. Mazoea ni mwalimu mzuri, lakini mara nyingine mazoea hupotosha.

Chukua mfano wa hewa ya oksijeni. Miaka ya 1940 na 1950, katika nchi tajiri, watoto njiti walipewa oksijeni nyingi bila kipimo. Wauguzi na madaktari waliona watoto wanapona, wakafurahi. Lakini maelfu ya watoto hao wakawa vipofu. Uchunguzi ndio ulioonyesha kwamba oksijeni ikizidi huharibu mishipa midogo ya macho ya mtoto njiti. Mwanamuziki maarufu wa Marekani, Stevie Wonder, alizaliwa njiti mwaka 1950 na akapoteza macho kwa njia hiyo. Siku hizi muuguzi aliyesoma hujua kwamba oksijeni ni dawa, na dawa huwa na kipimo.

Sasa chukua mfano wa muuguzi mwenye macho makini. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, Sista Ward aliyesimamia wodi ya watoto njiti alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua. Siku moja alimwonyesha daktari mtoto mwenye manjano. Ngozi yake ilikuwa imepungua umanjano, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa imefunikwa na pembe ya shuka. Sehemu hiyo ilibaki ya manjano. Daktari Cremer na wenzake wakalichunguza jambo hilo, na mwaka 1958 wakatangaza matibabu ya manjano kwa mwanga wa taa. Taa hizo hutumika leo duniani kote. Zilianza kwa muuguzi aliyetazama vizuri.

Lakini angalia: Sista Ward aliona, na wengine wakachunguza. Masomo ya juu humpa muuguzi mambo yote mawili. Huona, na pia hujua namna ya kuchunguza kama alichokiona ni kweli.

(Tena tusikosee hapa. Jua la asubuhi nyumbani si tiba ya manjano makali. Mtoto akiwa na manjano siku ya kwanza, au manjano yakifika viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali mara moja.)

PEMBA NAYO IMEFUNDISHA DUNIA

Uchunguzi haufanywi Ulaya tu. Kuanzia mwaka 2011, hapa hapa Pemba, watoto wachanga zaidi ya 36,000 waliingizwa katika uchunguzi wa kitovu. Wengine walipakwa dawa ya kuua vijidudu kitovuni. Wengine kitovu kiliachwa safi na kikavu tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Yalionyesha kwamba dawa ile haikupunguza vifo kwa kiasi cha kuaminika hapa kwetu. Kwa hiyo kitovu kikae safi na kikavu. Tusipake majivu, mafuta wala kitu kingine chochote. Akina mama wa Pemba ndio waliotoa jibu hilo kwa dunia.

Tanzania imetoa majibu mengine pia. Kuanzia mwaka 2009, wakunga na wahudumu katika hospitali nane nchini walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hufundishwa kumkausha, kumsugua mgongo na, ikihitajika, kumpulizia hewa kwa mfuko maalumu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, yaani karibu nusu. Jambo lililobadilika lilikuwa mafunzo ya watu.

Tena kuna habari ya kifua cha mama. Njia ya kumweka mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ilianza kutumika hospitalini huko Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu mashine za joto zilikuwa chache. Huitwa njia ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake mfukoni tumboni. Kwa miaka mingi, watoto walisubiri kwanza wapate nafuu ndipo wawekwe kifuani. Kisha Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India zikachunguza pamoja. Waliwaweka watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja nafuu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Vifo vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo ianze mapema, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe.

Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka wale mapacha.

MASOMO YENYEWE YAKOJE?

Ngazi ya elimu ya uuguzi ina vidato kadhaa. Kuna cheti, kuna stashahada, kisha kuna shahada ya kwanza. Hapa Tanzania shahada ya kwanza ya uuguzi huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi. Juu yake kuna shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili.

Muuguzi aliyefikia ngazi hiyo na kujifunza kazi moja kwa undani tunaweza kumwita muuguzi bingwa. Mpango wa kuwapa wauguzi kazi kubwa zaidi ya kuchunguza na kutibu ulianza Marekani mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ulianzishwa na muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver. Walianza na afya ya watoto. Baadaye wakatokea wauguzi bingwa wa watoto wachanga walio hatarini. Mwaka 2020 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilishauri kwamba muuguzi bingwa wa namna hiyo awe na shahada ya uzamili.

Mambo haya hayako Ulaya na Marekani tu. Jirani zetu wa Rwanda walifungua masomo ya uzamili ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2015. Wanafunzi huchagua tawi la kusomea, na moja ya matawi hayo ni huduma ya watoto wachanga. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha uuguzi mpaka uzamili. Yapo masomo ya ukunga na afya ya wanawake, na yapo ya kuhudumia wagonjwa mahututi. Yote mawili humgusa mtoto mchanga.

Mwanafunzi wa namna hii hujifunza mwili wa mtoto kabla na baada ya kuzaliwa. Hujifunza dawa na hesabu zake. Hukesha wodini akiwa na mwalimu wake. Hujifunza kufundisha wengine. Hujifunza kuongoza wodi. Mwisho hufanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandika.

Muuguzi yule wa hospitalini nilimwuliza yeye mwenyewe kwa nini anataka kwenda. Aliniambia kwamba mengi anayoyajua amefundishwa na watoto waliokufa mikononi mwake. Alitaka wauguzi vijana watakaomfuata wajifunze mambo hayo kabla, si baada.

WODI ATAMWACHIA NANI?

Hapa bibi alisema kweli. Muuguzi mmoja akiondoka miaka miwili, wodi huumia. Wanaobaki hukesha zaidi. Hatuwezi kulipuuza jambo hilo.

Lakini tufikiri kama mkulima wa mikarafuu. Mkarafuu hauzai mwaka unaopandwa. Mtu aliyekula mbegu zote hana cha kupanda. Muuguzi mmoja akibaki, atahudumia watoto wa zamu yake. Akisoma na kurudi, atawafundisha wenzake wa zamu zote. Atakuja pia kwetu vijijini, atufundishe sisi wenye vyeti kabla hatujapanda gari na mtoto wa baridi.

Ila kuna sharti moja. Arudi wodini. Mara nyingi mtu akisoma sana hupewa meza na kiti, na mikono yake haimgusi tena mgonjwa. Kazi ya ofisini ni ya lazima, nayo ina watu wake. Lakini muuguzi bingwa wa watoto wachanga mahali pake ni kando ya kitanda cha mtoto. Shahada isiwe ngazi ya kumtoa wodini. Aidha, awekewe vifaa vya kazi. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme huo huwasha mashine. Lakini mashine ikilia usiku, lazima awepo mtu anayejua inalilia nini.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, usingoje muuguzi bingwa arudi. Yako mambo ambayo wewe unaweza kuyafanya leo.

1. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, na ajifungulie katika kituo cha afya au hospitali. Mwenye mapacha au aliyewahi kuzaa njiti aeleze mapema.

2. Panga usafiri kabla ya mwezi wa saba. Jua ni gari la nani, na nambari yake ya simu iandikwe ukutani.

3. Mtoto akizaliwa mapema, mkaushe. Mvishe kofia. Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, miguu kama ya chura, uso umegeukia pembeni ili pua isizibwe. Kisha funikeni wote wawili. Usimwogeshe siku hiyo.

4. Kama mama hawezi, au watoto ni wawili, mtu mzima mwingine mwenye afya avue nguo ya juu ampokee. Baba anaweza. Baba akimaliza kumwadhinia mtoto, kifua chake kisikae bure.

5. Ukiona dalili hizi, nenda hospitali bila kungoja asubuhi: mtoto hanyonyi, ana degedege, anapumua mbio, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea akivuta pumzi, mwili ni wa moto au wa baridi, ana manjano kama nilivyoeleza, kitovu kina usaha au wekundu, hachezi wala haamki.

6. Msichana au mvulana wako akipenda sayansi, mpe nafasi ya kusoma. Muuguzi bingwa wa Pemba wa miaka ijayo huenda leo yuko darasa la tano hapa Wesha.

JIBU LA BIBI

Nilimweleza bibi mambo haya yote pale barazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo usiku ule ungeniambia tu, ningempokea?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bibi. Ningekuambia tu."

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Basi mwacheni aende akasome. Na akirudi, aanze na wewe."

Nami nimekubali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kanga peke yake haziwezi kumpa joto mtoto njiti?
2. Taja dalili nne za hatari kwa mtoto mchanga.
3. Katika nyumba yako, ni nani wanaoweza kumpokea mtoto njiti kifuani kama mama hawezi?
4. Soma tena hesabu hii: 0.15 na 1.5. Ya pili ni kubwa mara ngapi kuliko ya kwanza?
5. Je, ni haki muuguzi aache wodi miaka miwili akasome? Toa sababu zako.